Mtoto Huyu Ni wa Nani?

Somo: Ruthu 4:13-17, Luka 2:22-38, Mathayo 25:14-30



Desemba imeingia. Ukipita steji ya Kisumu jioni unaona dalili zote: magunia juu ya matatu, magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba, watoto wamelala mabegani mwa mama zao, na nauli inapanda kila juma. Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, wazazi watatu walinijia mmoja mmoja na swali moja: "Pasta, tumpeleke mtoto ushago Krismasi hii, ama tungoje akue kidogo?"

Nilitaka kuwajibu pale pale mlangoni. Halafu nikakumbuka kwamba swali hilo mimi mwenyewe nililijibu vibaya mwaka juzi, na aliyelipa gharama ya jibu langu ni mama yangu. Kwa hivyo naomba mniruhusu nijibu kwa maandishi, polepole.

Mwaka juzi mwanetu alikuwa na miezi minane. Mnajua mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma. Mtu wa biashara akipewa jambo zito huchukua karatasi, akapiga mstari katikati, akaandika faida huku na hasara kule. Nilifanya hivyo hivyo. Upande wa hasara niliandika: mbu, moshi wa kuni, maji ya kuchota, kuku wanaoingia ndani, kila mtu kutaka kumbeba na kumbusu, nauli, usingizi wa mtoto kuvurugika. Upande wa faida niliandika mstari mmoja: mama atafurahi.

Karatasi ikaamua. Nilimtumia mama pesa kwa M-Pesa, nyingi kuliko kawaida, kisha nikampigia simu kumweleza kwa nini hatuji. Nilimweleza habari za malaria kwa dakika kumi nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, baba. Mungu awalinde." Nikakata simu nikiwa na amani. Nilijiona baba mwenye hekima.

Asubuhi ya Krismasi nikapanda madhabahuni hapa kwetu nikahubiri juu ya Imanueli. Nikawaambia kwamba Mungu hakutuma salamu, alikuja mwenyewe. Nikasema Mwana wake alilazwa mahali pa kulishia ng'ombe, na wageni wa kwanza kumwona walikuwa wachungaji waliotoka malishoni usiku ule ule, bila kunawa. Mlishangilia sana. Nami nilishangilia. Sikuona kwamba nilikuwa nahubiri dhidi yangu mwenyewe.

Mwaka jana ni mke wangu aliyesema twende. Yeye ni mtu wa Vihiga, na kutoka hapa mjini kupanda kwao si mbali, kwa hivyo mtoto alishapajua kwa kina mama mkwe. Akaniambia, "Mwanangu anaijua nyumba ya mamangu. Ya mamako haijui. Na watu wa kwenu hawasemi ni wewe uliyemficha. Wanasema ni mimi."

Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimefanya uamuzi, na lawama ilikuwa imemwendea mwingine.

Basi tukapanga kwenda tarehe 26 na kurudi siku hiyo hiyo. Kwetu ni upande wa Kendu Bay. Tulipita Ahero kwenye mashamba ya mpunga, tukafika Katito, tukakata kulia kuelekea ziwani. Mke wangu alibeba flaski ya uji, kikombe cha mtoto, maji ya chupa, sabuni, dawa ya mbu ya kupaka. Mimi nilibeba saa yangu.

Mama alikuwa amesimama mbele ya nyumba. Alifungua mikono. Mtoto alimwangalia mara moja, akajificha shingoni mwa mamake akalia kwa sauti ya juu kabisa. Mikono ya mama ilikaa hewani kidogo. Kisha akaishusha, akaipangusa kwenye leso kana kwamba ilikuwa na unga, akamwambia yule mtoto kwa upole, "Hunijui. Si kosa lako."

Wapendwa, huyo mtoto ana jina la marehemu babangu. Kwetu Wajaluo mtoto kupewa jina la aliyetangulia si jambo dogo, na nyanya humtania mjukuu wa kiume kwa kumwita mume wake. Mama yangu ni mjane. Alikuwa amengoja mwaka mzima na zaidi kumtania mtu, na mtu huyo hamjui.

Kisha akatupeleka kwenye simba yangu. Kwa wasiojua, simba ni ile nyumba ndogo ambayo kijana hujenga katika boma la babake. Mwana aliyeoa halali nyumbani kwa mamake, kwa hivyo simba isipokaliwa, wewe huna pa kulala kwenu. Yangu nilikuwa nimeiacha miaka mingi, na moyoni hiyo ilikuwa sababu yangu nyingine ya kutolala. Mama akafungua mlango. Kuta zilikuwa zimesiribwa upya. Bati lililokuwa likivuja limebadilishwa. Kitanda kimetandikwa, na juu yake kuna chandarua kipya, bado kiko ndani ya karatasi yake. Kando kuna beseni dogo na kikombe cha plastiki cha mtoto. Nje, jikoni kwake, alikuwa amemwambia fundi azungushie mbao mahali pa mafiga ili mtoto asifikie moto.

Nikamuuliza pesa za kazi hiyo alitoa wapi. Akasema, "Si ni zile ulizotuma Krismasi ile hamkuja?"

Chandarua kilikuwa kimengoja mwaka mmoja. Nilipobaki nikikiangalia, akaongeza bila hasira, "Mimi nilizaa saba, nikazika wawili. Wote ni malaria. Ulipokuwa ukinieleza kwa simu, nilikuwa nakusikiliza tu."

Hao wawili ni ndugu zangu. Makaburi yao nayajua. Na bado nilimfundisha mama yangu malaria kwa dakika kumi.

Hatukurudi siku ile.

Sasa nirudi kwenye swali. Chini ya swali la "tumpeleke ama tungoje" kuna swali kubwa zaidi ambalo hatulitamki: mtoto huyu ni wa nani? Ukilijibu hilo, lile la safari litajijibu lenyewe.

Jibu la kwanza ni la siku hizi: ni wangu. Mimi namlisha, mimi nalipa kliniki, mimi nitalipa shule, mimi ndiye naamua nani amguse. Jibu la pili ni la kale: ni wa ukoo. Wazee wanaamua jina lake, wanaamua alale wapi, na mama mzazi anaambiwa anyamaze. Wengi wetu tumekimbia la pili tukaingia mikononi mwa la kwanza, tukadhani tumeokoka.

Sisi watu wa kanisa tuna jibu la tatu, ni wa Mungu, na tunalisema haraka ili mazungumzo yaishe. Lakini hebu lichukueni kwa uzito wake. Kama ni wa Mungu, basi mimi si mwenye mali. Mimi ni wakili, mtu aliyekabidhiwa. Na wakili ana njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni kutapanya alichopewa. Ya pili tunaisahau, nayo ndiyo Bwana wetu aliisimulia kwa urefu katika Mathayo 25. Yule mtumishi wa talanta moja hakupoteza hata senti. Hakuiba, hakula rushwa. Mkaguzi wa hesabu angempa cheti safi. Aliogopa tu, akachimba shimo, akaizika, ili siku ya hesabu airudishe ilivyokuwa. Na ndiye aliyefukuzwa.

Nikisoma mfano huo siku hizi naiona karatasi yangu ya faida na hasara. Nilikuwa nimemchimbia mtoto shimo safi, lenye feni na maji ya chupa.

Sasa tazameni Ruthu 4. Ruthu amejifungua mtoto. Naomi, aliyerudi Bethlehemu mikono mitupu, mjane aliyezika watoto wake wote wawili, anamchukua yule mtoto na kumweka kifuani, anakuwa mlezi wake. Majirani wanawake wanasema Naomi amepata mwana, na wao ndio wanaompa mtoto jina. Obedi, babake Yese, babake Daudi. Ruthu angeweza kusema, "Samahani, uchungu niliupata mimi." Maandiko hayaonyeshi kwamba alimnyang'anya. Na Maria naye, katika Luka 2, alipanda hekaluni na mtoto wa siku arobaini hivi, na mzee Simeoni akampokea mikononi mwake. Kisha akaja Ana, mjane mzee sana, naye akawaambia watu habari za mtoto huyo. Kuna maneno juu ya mtoto wako ambayo wewe mzazi huwezi kuyasema, kwa sababu hujaishi miaka ya kutosha. Mtoto anayafuata kwa walio nayo. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nao walikuwa wameona mengi.

Tulipokuwa tukirudi Kisumu tulisimama Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la volkeno karibu na Kendu Bay, lenye maji ya magadi na ndege heroe ukingoni. Wengi wenu mnajua kisa chake. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo. Usiku mmoja wa sherehe akaja kikongwe amechoka, akaomba pa kupumzika, wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye aliyemhurumia, akaonywa aondoke. Usiku huo maji yakakifunika kijiji chote. Nilikisikia kisa hicho tangu utotoni, na siku zote nilijiweka upande wa yule mama mwema. Siku hiyo, mtoto akiwa amelala begani kwangu, nikaona kwamba mimi ni mmoja wa wale wa sherehe. Kikongwe alikuwa amebisha mlangoni kwangu, nami nikamtumia pesa.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi hatari hazipo. Malaria hapa kwetu ukanda wa ziwa ni kubwa kuliko sehemu nyingine za Kenya, na kumwombea mtoto hakuondoi haja ya chandarua. Imani isiyotumia chandarua ni uvivu umevaa kanzu. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa nchini Septemba 2019, ilizinduliwa papo hapo Homa Bay, kaunti ya mamangu, mahali nilipopaogopa. Ni ya dozi nne. Kabla ya kusafiri chukua kile kitabu cha kliniki uangalie mtoto amefikia wapi. Mtoto akipata joto, usingoje Krismasi iishe, mpeleke akapimwe. Na ziwani mtoto mdogo haachiwi watoto wenzake, hata kwa dakika moja.

Kuna hatari nyingine tunayoifunika kwa neno "familia". Kama kuna mtu nyumbani ambaye unajua aliwahi kumdhuru mtoto, usimwachie mtoto wako, hata akiwa mjomba, hata akiwa mzee wa kanisa. Unaweza kumsamehe na bado usimwachie. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na hapo sheria na Injili hazigombani. Namba ya kuripoti ni 116, kupiga ni bure. Ukoo unaotaka heshima kuliko usalama wa mtoto umepoteza haki ya kudai heshima hiyo.

Basi tutajuaje ni lini tunamlinda mtoto na ni lini tunajilinda sisi wenyewe? Nimepata kipimo kimoja ambacho kimenisaidia. Ukiondoa hilo la mtu mwenye madhara, sababu ya kweli ya kumlinda mtoto unaweza kumwambia nyanya yake uso kwa uso, na mara nyingi yeye ndiye atakayekusaidia kuitimiza. "Mama, tunaomba alale ndani ya neti." "Mama, maji yake tutachemsha." Hayo yanasemeka. Lakini kuna sababu ambazo tunazisema ndani ya gari tu, vioo vikiwa juu. "Sitaki picha zake zionekane na ukuta wa udongo." "Ataanza kuongea kama watu wa huku." "Tukienda watatuomba pesa." Sababu usiyoweza kumwambia mama yako machoni, ichunguze mbele za Bwana. Zangu nyingi zilikuwa za aina hiyo, na niliziita malaria.

Neno kwa kina baba. Tukisema "twende nyumbani", sisi tunamaanisha kukaa chini ya mwembe na kuulizana habari za siasa. Mke anamaanisha kupika ugali wa watu ishirini huku mtoto analia mgongoni. Halafu tunashangaa kwa nini hataki kwenda. Siku ile ya pili nilibadilisha nepi mbele ya wajomba zangu. Walicheka sana. Cheko haliui. Na ukimpeleka mtoto kwenu, mpeleke na kwao mkeo. Naomi hakuwa wa upande mmoja tu.

Na neno kwa kina nyanya wanaosoma gazeti hili letu. Mama yangu alinifundisha jambo ambalo sikulisoma chuoni. Mtoto alipomlilia, hakumvuta, hakuona aibu mbele ya majirani, hakumlaumu mkwe wake. Alitandika mkeka uani, akakaa akipukuchua mahindi, akamwacha. Siku ya kwanza mtoto alimtazama kwa mbali. Usiku huo wa kwanza, mara mbili, niliangaza tochi ndani ya chandarua kuona kama kuna mbu. Hakukuwa na hata mmoja.

Siku ya pili mtoto alimfuata kuku mpaka ukingoni mwa mkeka. Akaona punje. Akaokota moja, akaiangalia, akatazama ule mkono mkubwa uliokuwa wazi, akaiweka humo. Mama akasema asante, akamwita kwa jina la babangu. Akaleta ya pili. Mpaka jioni walikuwa wamepukuchua debe zima, ijapokuwa nusu yake ilikuwa imewaendea kuku.

Tulilala usiku tatu. Mtoto alipata tumbo la kuhara siku moja, tukampa ile chumvi ya maji ya hospitali, likaisha. Nauandika upande wa hasara, kwa sababu ni kweli. Lakini ile karatasi ya zamani nimeitupa. Haikuwa na mahali pa kuandika punje moja ya mahindi katika mkono wa mama yangu.

Kwa hivyo wazazi wangu watatu, jibu langu ni hili. Nendeni. Nendeni na chandarua, na kitabu cha kliniki, na siku za kutosha, maana mtoto mdogo hawezi kumzoea mtu kwa masaa manne huku baba anaangalia saa. Kama kweli mwaka huu haiwezekani, basi mwiteni nyanya aje mjini, mumlipie nauli, na akija msimkalishe kama mgeni, mpeni mtoto. Na kama mama yako ametangulia mbele za Bwana, kuna mjane katika safu ya nyuma ya kanisa letu ambaye hajashika mtoto mwaka mzima. Anza naye Jumapili hii.

Tuombe. Bwana, watoto hawa ni wako. Tusamehe pale tulipowazika kwa hofu tukaiita hekima. Walinde njiani, na mbu, na moto, na maji, na kila mtu mwenye nia mbaya. Wape wazee wetu siku za kutosha kuwaona. Nasi utupe mikono ya kupokea na mikono ya kuachilia. Katika jina la Yesu, amina.

Safari njema, wapendwa. Tukirudi Januari, kila mzazi aje na ushuhuda.